Msaiprasi Uliokatwa Siku ya Upepo

Arcata, California
9 Februari 2025

Kwako Senge, shangazi yangu,

Nakusalimia nikiwa nimevaa makoti mawili. Mvua ya huku haipigi mabati na kuondoka kama ya Eldoret. Inashuka polepole kutwa nzima, na ikichoka, ukungu unapanda kutoka baharini na kukaa. Mimi ni mzima. Nilipopiga simu wakati wa Krismasi na Ciku, binti wa jirani yako Nderitu, akachukua akaniambia, "Mwalimu hasikii hata neno moja, anatingisha kichwa tu," nilisikitika sana. Halafu nikakumbuka kwamba wewe ndiye ulinifundisha kuandika barua nikiwa darasa la nne. Basi tuandikiane. Najua zile meseji za simu hutaki hata kuziona.

Ng'ombe wako anaendeleaje? Na mwanao Murunga? Msalimie, ingawa miaka yote niliyoishi kwako sikumbuki kama aliwahi kuniitikia salamu vizuri.

Sasa nikueleze kuhusu miti, maana ndiyo iliyonileta huku. Kuna msitu karibu na chuo ambao miti yake inaitwa redwood, kwa sababu mbao zake ni nyekundu. Kazi yangu ni kuipima nikiwa chini, na ukisimama hapo huoni kilele. Baadhi ilikuwa imeota kabla Yesu hajazaliwa. Mbegu yake lakini ni ndogo kama ya nyanya, na koni yake unaweza kuificha mdomoni. Profesa anatufundisha kwamba miti ya koni ni ukoo wa zamani kuliko miti mingine yote unayoijua. Haitoi maua. Mbegu zake hazikai ndani ya tunda, zinakaa wazi kwenye koni. Majani yake ni membamba, na mingi haipukutishi. Mwaka mzima iko vile vile.

Na utashangaa, Senge: msaiprasi wetu ni wa ukoo mmoja na redwood. Ile uliyo nayo kwenye ua ni kama binamu.

Tumeambiwa kila mmoja aandike kuhusu mti mmoja wa kwao. Nimechagua kile kisiki kilicho upande wa Nderitu, nyuma ya banda la ng'ombe. Tafadhali mwambie Murunga akisugue na maji, ahesabu ile miduara kutoka katikati hadi kwenye ganda. Kila duara linakaribia mwaka mmoja. Mwambie pia apime upana kwa kamba. Nataka kujua Baba aliupanda lini.

Mimi mtoto wako,
Nabalayo


Kapseret
14 Machi 2025

Mpendwa Nabalayo,

Barua yako ilifika kwenye sanduku la kanisa tarehe nne. Bwana asifiwe kwa kuwa unaendelea vizuri. Mimi pia niko, ila masikio yameniaga kabisa. Jumapili naangalia mdomo wa pasta, na kwa kuwa mahubiri yake nayajua, sipotezi mengi.

Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua imechelewa, watu wameanza kulima mashamba yakiwa makavu hivyo hivyo. Ciku amepata kazi ya karani kwenye kampuni ya unga huko Turbo, kwa hiyo siku hizi Nderitu anajipikia, na anakuja kwangu kuomba chumvi kila baada ya siku mbili. Murunga bado anaendesha boda boda, anabeba wasafiri wa kutoka uwanja wa ndege. Afya yake si mbaya.

Nimefurahi kusoma habari ya miti hiyo mikubwa. Niliwasomea akina mama wa kanisa, wakasema unaongeza chumvi. Nami nimekutafutia habari za mikaratusi, kwa sababu naona hiyo ndiyo ingefaa kwa masomo yako. Nderitu alikata mikaratusi kumi mwaka juzi, na sasa kila kisiki kina vijiti vitano, vingine vimeshanipita urefu. Andika kuhusu hiyo. Naweza hata kukupimia.

Ile kazi ya kuhesabu miduara, Murunga hana nafasi. Na kisiki chenyewe kimezeeka, hakisomeki.

Kula vizuri. Usitembee kwenye msitu peke yako.

Senge wako,
Namalwa


Arcata
20 Aprili 2025

Senge mpendwa,

Samahani kwa kutaipu barua hii. Nina kazi nyingi na mkono umechoka. Hongera kwa ndama. Naomba aitwe Pasaka, kama bado hajapewa jina.

Senge, nimesoma barua yako mara tatu. Nilikuomba kitu kimoja na wewe umenipa kingine, kama vile unavyofanya mgeni akiuliza umri wako.

Mkaratusi hautanisaidia, na nitakuambia kwa nini. Mkaratusi ukikatwa unachipua kutoka kwenye kisiki, na baada ya miaka kumi huwezi kujua kwamba palikatwa kitu. Miti mingi ya majani mapana iko hivyo. Lakini msaiprasi na mpaini ukishaukata umekwisha. Mizizi inakufa. Redwood ni ya ajabu kwa sababu ni mti wa koni lakini inachipua. Ukikatwa, watoto wanatoka pande zote za kisiki wanasimama kwa duara. Profesa anasema ni miti michache sana ya koni duniani inayoweza hivyo.

Kwa hiyo kisiki cha msaiprasi kinabaki. Kina utomvu ndani, hakiozi upesi. Ndiyo maana sikubali kwamba hakisomeki. Nilikikalia kila siku nikiwa mtoto, nikimenya mahindi. Ile miduara niliiona kwa macho yangu.

Na nikifikiria hivyo nimekumbuka mambo mengine. Miti ile ilikuwa kumi na miwili, na Baba ndiye aliyeipanda akiwa kijana, alipokuja kukaa kwako kabla hajapata kazi ya kupasua mbao. Kumi na mmoja imesimama. Kwa nini mmoja tu ulikatwa? Nani aliukata? Nikiwa mdogo nilipouliza, Murunga alikuwa anainuka na kutoka nje. Wewe ulikuwa unaniambia nikachote maji.

Sikuulizi kwa ubaya. Nijibu tu.

Nabalayo


Kapseret
2 Juni 2025

Mwanangu Nabalayo,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Ndama ameitwa Pasaka kama ulivyotaka. Mahindi yamefika magotini.

Nimekaa na barua yako karibu wiki tatu. Nilikuwa nimeamua nisikujibu swali lako, nikujibu mengine. Lakini kumetokea jambo, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu kuliko kwa Ciku.

Nilimwonyesha Murunga barua yako. Nilifikiri miaka imepita, yeye ni mwanamume wa miaka thelathini, ataisoma na kuiweka. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alisema, "Kumbe alikuwa anakikalia." Basi. Jumamosi iliyofuata akaja na jembe na shoka, akachimba pale kuanzia asubuhi. Mchana nikampelekea chai, hakuigusa. Saa kumi nikaona moshi. Alikuwa amemwaga petroli ya pikipiki kwenye kisiki na kukiwasha. Unajua wewe kuliko mimi jinsi utomvu unavyowaka. Moto uliruka ua, ukashika nyasi ambazo Nderitu alikuwa amewakusanyia ng'ombe wake. Watu walikuja na ndoo. Nderitu alimuuliza, "Murunga, kisiki kimekukosea nini?" Mkono wake wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko. Alilazwa siku nne.

Kwa hiyo nakuambia. Baba yako ndiye aliyekuwa anaukata ule mti, tarehe kumi na tatu Agosti 2011. Ulimwangukia. Waweru, aliyekuwa na pikapu wakati huo, alimpeleka hospitali, akaishi siku tatu. Nilikuambia ni kifua kilichomuua, na haikuwa uongo mzima, kwa sababu ni kifua kilichovunjika. Wewe ulikuwa na miaka minane, tena ulikuwa umelazwa na surua, ndiyo sababu hatukukupeleka kumzika kule Kimilili. Mama yako alishatangulia. Ulikuwa umebaki na mimi tu.

Murunga alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye ndiye aliyeshika kamba ya kuuvuta mti uangukie upande wa shamba. Kamba ilimshinda, akaiachilia. Mti ukarudi nyuma, alikokuwa baba yako.

Tulikuwa tunakulea nyumba moja na yeye. Mimi na marehemu mume wangu tulikaa tukaona kwamba ukijua, utakua ukimchukia, naye ataishi akichukiwa mezani pa mama yake. Ndiyo maana. Usimhukumu. Alikuwa mtoto.

Niandikie upesi.

Senge


Kapseret
11 Agosti 2025

Nabalayo,

Wiki kumi zimepita. Nilikwenda kwenye sanduku la kanisa kila Jumatatu na Alhamisi hadi katibu akaanza kuniambia kwa mkono nikiwa bado niko barabarani: hakuna. Ciku alinionyesha picha yako kwenye simu yake, umesimama na wanafunzi wenzako. Kwa hiyo najua uko hai na hutaki kuniandikia. Una haki.

Keshokutwa ni tarehe kumi na tatu. Kila mwaka siku hiyo ikikaribia Murunga huenda Langas kwa marafiki zake na kurudi baada ya siku mbili akinuka pombe, na mimi sijawahi kumuuliza amekuwa wapi. Mwaka huu hajaenda. Amekaa tu nje na mkono wake wenye bandeji. Nimemtazama tangu asubuhi, na kuna kitu kimenishinda kumeza.

Barua yangu ya Juni nilisema kweli, lakini niliikata mahali. Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na moja. Mtoto akiniandikia insha ya namna hiyo ningemrudishia.

Siku ile upepo ulikuwa mkali tangu alfajiri. Baba yako Mulongo alikuja jikoni, nikiwa nakanda unga. Akasema, "Dada, leo mti huu hatuukati. Upepo unabadilika badilika, tungoje kesho au keshokutwa." Mti ulikuwa wa mbao za nyumba yangu mpya, na mafundi wa paa walikuwa wanakuja Jumatatu. Nilikuwa nimeshawaambia akina mama wa kanisa kwamba kufikia mwisho wa mwezi watakutana kwenye nyumba hiyo. Nikamwambia, "Mulongo, wewe ni fundi wa miti au fundi wa maneno?" Akacheka. Nikaongeza, "Kama unaogopa niambie, nimwite mwanamume mwingine." Hapo hakucheka. Aliweka kikombe chini, akatoka, akamwita Murunga aje na kamba.

Hakuna aliyesikia maneno hayo isipokuwa mimi na yeye. Hospitalini nilikaa kando yake siku tatu nikingoja ayataje. Hakuyataja.

Na jambo la mwisho, kwa sababu nikilibakiza nitakuwa nimekata tena. Ule mti haukutupwa. Ulipasuliwa. Wazee walisema ni vibaya kuuacha uoze. Ndio mbao za paa la hii nyumba. Chumba ulicholala miaka kumi, boriti tatu zilizo juu ya kitanda zimetoka kwake.

Nilimwacha Murunga aamini kwamba ni mikono yake peke yake. Sikumwambia kwa maneno. Nilinyamaza tu, na hilo lilitosha.

Sikuombi kitu.

Namalwa


Arcata
15 Septemba 2025

Senge,

Nimepata barua zako zote mbili. Ile ya Juni niliipokea tarehe moja Julai. Niliisoma msituni, nikaikunja, na sikuifungua tena hadi ya Agosti ilipofika.

Sitaanza na salamu za ng'ombe. Nisamehe.

Kwanza, mimi pia nilikudanganya. Nilikuambia napima miti nikiwa chini. Si kweli. Nimeajiriwa na maabara kuipanda. Tunafunga kamba, tunapanda mita themanini, wakati mwingine tisini, kuchukua majani ya juu kabisa, maana redwood inakunywa hata ukungu kupitia majani yake, na tunataka kujua ni kiasi gani. Mwezi Aprili niliteleza. Kamba ilinishika, lakini nilipigwa kwenye gome nikavunjika mkono. Ndiyo maana nilitaipu. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungelia, na sikujua ungelia kwa sababu gani hasa.

Sasa nakuomba jambo. Mpe Murunga barua hii. Usimsomee, mpe mkononi. Na mpe pia ile yako ya Agosti. Najua una nakala, wewe huandika kila kitu mara mbili. Kama hutampa, nitamtafuta mwenyewe na nitamwambia, na itakuwa vibaya zaidi.

Murunga, hapa naongea na wewe.

Miaka yote nilifikiri hunipendi. Nilikuwa najaribu kukaa kimya ili nisikukasirishe. Nilikuwa nakuachia kipande kikubwa cha kuku.

Nimesomea hili jambo, kwa hiyo nisikilize kama mtu wa kazi, si kama dada yako. Msaiprasi haupukutishi majani. Mti wa majani mapana ukiwa mtupu wakati wa kiangazi, upepo unapita katikati yake. Msaiprasi ni mzito na mnene juu mwaka mzima, Agosti kama Januari, na upepo ukiupiga ni kama kupiga turubai la lori. Nimefanya hesabu kwa urefu wa ile kumi na mmoja iliyobaki, ambayo nilikuwa nimeipima kabla ya kuondoka nyumbani. Nimempelekea profesa bila kumwambia ni ya nini. Mti kama ule, ukiwa umekatwa nusu na upepo ukigeuka, watu kumi wazima wasingeushika kwa kamba. Ungehitaji trekta. Profesa aliniuliza, "Nani alimpa mtu kazi kama hii?"

Hukuuachilia mti. Hakuna wakati wowote ambapo ulikuwa umeushika.

Hayo ndiyo niliyotaka kukuambia. Namba yangu ni ile ambayo Ciku anayo.

Senge, kwako bado sijui niseme nini. Najua ulinilisha, ulinivisha, uliuza shamba la chini nikaja huku. Najua pia nililala chini ya zile mbao, na wewe ulikuwa unaingia kuzima taa na kuniombea. Yote mawili ni wewe. Nikijaribu kuyaweka pamoja yanakataa.

Nabalayo


Kapseret
25 Oktoba 2025

Nabalayo,

Nilimpa.

Sikumpa siku ile ile, nikiri. Nilikaa nazo siku tisa chini ya Biblia. Siku ya kumi alikuja kula, nikaziweka kando ya sahani yake, yako juu, yangu chini. Nikatoka nikaenda kusimama kwa ng'ombe. Sikuweza kukaa nimtazame akisoma.

Siwezi kusikia mlango siku hizi. Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu. Alikuwa analia lakini uso ulikuwa umetulia, sijui niueleze vipi. Alisema pole pole ili niusome mdomo wake. Aliniuliza, "Alikwambia kuna upepo?"

Nikasema ndiyo.

"Na ukamwambia utaita mwanamume mwingine?"

Nikasema ndiyo.

Aliniuliza tena, "Na miaka kumi na minne ukinipakulia chakula ulikuwa unajua?"

Nilimwambia ndiyo mara ya tatu. Sikumwambia nilikuwa nataka kumlinda, ingawa nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo. Nilipomwona usoni, maneno yale yalionekana ni ya kujilinda mimi.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani akakunja nguo zake, akafunga kwenye pikipiki na kuondoka. Nderitu aliniambia baadaye kwamba yuko Turbo, anapakia mahindi kwenye malori, na Ciku humwona pale akipita kwenda kazini. Hanywi, Ciku anasema. Sikukuu ya Mashujaa alipopewa mapumziko hakuja nyumbani. Tarehe kumi na tatu Agosti hakunywa, na sasa hanywi, na mimi siko katika sababu zake.

Niliwaambia pia akina mama wa kanisa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama wakati wa ushuhuda nikasema yote, hata yale ya jikoni. Kwa kuwa sisikii, sijui walisema nini. Niliona tu wengine wakitazama juu, kwenye dari, maana siku hiyo tulikutana kwangu.

Nimeanza kulala sebuleni.

Namalwa


Arcata
7 Desemba 2025

Senge,

Murunga amenipigia simu.

Ilikuwa Jumatano, kwangu asubuhi, kwenu usiku. Alitumia simu ya Ciku. Mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa naongea, juu ya mvua. Halafu akasema, "Naba, kuna kitu sijawahi kumwambia mtu." Tulikaa kwenye simu saa moja na nusu. Nakuandikia kabla sijasahau alivyosema, kwa sababu ameniruhusu nikuambie, na amesema yeye mwenyewe hawezi kukuambia, itabidi apige kelele ndio usikie, na hili si jambo la kupigia kelele.

Siku ile alikuwa ameifunga kamba kiunoni. Baba alimwambia aishike kwa mikono tu, lakini yeye alitaka kuonyesha ana nguvu, akaizungusha kiunoni mara mbili. Upepo ulipogeuka na mti kuanza kurudi, kamba ilimvuta akaanguka, akawa anaburutwa kuelekea kwenye ua wa seng'enge. Msumeno ulikuwa umebanwa ndani ya mti. Baba aliuacha. Alikuwa na nafasi ya kukimbilia upande wa banda, Murunga anasema njia ilikuwa wazi. Badala yake aligeuka kumtazama mtoto, akaona ile kamba kiunoni, akasimama pale pale akapaza sauti: "Achilia, Murunga. Ifungue, achilia."

Alisema mara mbili. Murunga akaifungua. Mti ukaja.

Hakuwahi kusema, kwa sababu aliona ni kama mtu anayejitetea kwa maneno ya maiti. Na aliona kwamba kama angekuwa mwanamume hasa, asingetii. Nilimwambia kwamba Baba alijua miti kuliko mimi na kuliko profesa wangu. Alijua kamba haiwezi kuushika. Alijua akikimbia, mtoto ataburutwa hadi kwenye seng'enge, au atatupwa. Alikuwa na nafasi ya jambo moja, akalifanya.

Murunga alilia sana, Senge. Na mimi nililia. Ciku alichukua simu akasema kredo ya simu imekaribia kuisha, halafu akasema ataongeza.

Nimefikiria kwa siku nne nikuandikie nini baada ya hayo. Bado nina hasira na wewe. Huenda nitakuwa nayo muda mrefu. Naiona ikibadilika lakini haiondoki. Hata hivyo ulikuwa na ndugu mmoja, na hukujua alikufa vipi. Ulikaa kando ya kitanda chake siku tatu ukingoja akulaumu. Nadhani hakuwa anafikiria jikoni hata kidogo. Nadhani alikuwa anangoja kuambiwa kama mtoto wako amepona. Ulimwambia?

Nimepata tiketi ya kufika tarehe kumi na nane Aprili. Nitashukia Eldoret asubuhi. Murunga amesema atakuja kunipokea, na nimemwomba apitie kwako akuchukue. Aliuliza ndege inatua saa ngapi, kisha akasema sawa.

Atakuja saa mbili. Uwe tayari, usimfanye asimame mlangoni akingoja.

Nabalayo